Ukurasa wa Sponji

Nimemwona Doto kwenye msiba wa baba yake. Amenenepa, namshukuru Mungu. Naandika hivyo kwa sababu ndilo jambo la kwanza lililonijia kichwani, na ingawa marehemu aliwahi kunitendea wema, sitaki kuanza na uongo. Nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu wa mtaa wa Viwanja Sitini, tunapepeta mchele wa kuwapikia waombolezaji, gari likaingia uani, akashuka mwanamke mwenye miwani myeusi. Kabla sijaitambua sura, nililitambua bega. Bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kama shati lililotundikwa kwenye msumari mmoja. Wenzangu wakasema maskini, yule ndiye Doto aliyeanguka na pikipiki kule Mchombe. Mimi niliinamia ungo wangu nikaendelea kupepeta. Bega lile ni kazi ya mdomo wangu, na kwa miaka saba hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ndivyo nilivyodhani.

Watu waliueleza mwaka ule upesi upesi: Vene, yaani mimi, ana wivu wa mimba. Mimba ikimchukia mtu imemchukia, hata kama hajaikosea, ikifika siku ya kujifungua chuki inatoka pamoja na kondo. Wengine wakasema namchunga mume. Wote walikosea, na hasira niliyo nayo mpaka leo nusu yake ni hiyo, kwamba mwanamke akiwa na wivu, lazima uwe wa mwanaume. Nilikuwa na wivu, ndiyo, wivu wa kulala nao na kuamka nao. Lakini ningeona Doto anamtaka Deo ningemfuata, tungeshikana, mmoja angempiga mwenzake, yakaisha. Nilichokionea wivu ni kiti. Kiti chembamba, kigumu, kirefu kama ubao wa kufulia, na mwanaume anayekusikiliza ukishuka kutoka juu yake.

Sielezi nilizaliwa wapi wala na nani, haisaidii. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne kiko chini ya godoro, naishi chumba kimoja na Deo, fundi pikipiki. Chumba chenyewe kilikuwa kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa mlangoni, na ukuta mzima wa spana zilizopangwa kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha. Deo aliishia darasa la saba. Mikono yake ina akili kuliko vichwa vya wengi, lakini juu ya pikipiki anaendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kwa hiyo yeye alifunga, mimi nilijaribu. Nilikuwa nachukua pikipiki ya mteja, nafunga gauni kiunoni, naipeleka barabara ya Mlimba, narudi, nasema. Klachi inashika juu mno. Gurudumu la nyuma linacheza. Gia ya tatu inalalamika kabla ya kuingia. Yeye ananisikiliza amefumba macho, kisha anafungua pale pale nilipotaja. Siku moja mteja akamwuliza, "Fundi, kumbe mkeo daktari?" Deo akajibu bila kuinua kichwa, "Daktari bingwa. Mimi hapa nesi." Nilikaa na maneno yale wiki nzima. Hakuna mwanaume aliyewahi kunisifia uso nikaona raha ya namna ile.

Marehemu, Mzee Masanja, alikuwa Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe akamalizia na mashine ya kukoboa mpunga. Wanawake wote aliwaita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata watoto wa shule. Alinikuta kwenye mashamba yake ya Mchombe, baada ya mavuno, ardhi imekauka, najaribu pikipiki ya mteja kwa kuruka kingo za majaruba. Jaruba la mpunga likikauka ukingo wake unakuwa mgumu kama saruji. Ukiupiga kwa kasi unakurusha, unatua kwenye jaruba la pili, unaukuta mwingine. Niliruka kama sita. Niliposimama nikamwona mzee juu ya trekta.

"Mayu, nani alikufundisha kuruka hivyo?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza nani alikufundisha."

"Majaruba, mzee."

Akacheka mpaka akashika usukani wa trekta. Kisha akasema, mbele ya vibarua wake wote, kwamba anaagiza pikipiki ya mashindano, ile yenyewe, na msimu wa kiangazi atalima uwanja pale pale Mchombe na kuwaita waendeshaji wa Morogoro waje waone Ifakara kuna watu. "Mumeo ataitunza. Wewe utaipanda. Ikifanya vizuri, mtakwenda nayo kila wanakoshindana." Nilirudi nyumbani sihisi matako yangu kwenye kiti. Deo alipika yeye siku ile, ugali, matembele na perege, akanipa mnofu wote, yeye akanyonya kichwa.

Pikipiki ilikuja Aprili, ndani ya sanduku la mbao, juu ya fuso lililokwama mara mbili kwenye tope kabla ya kufika mjini. "Hii ni replika," mzee aliwatangazia wapagazi wa mashine, na neno lile likageuka jina lake: Replika. Maana yake kiwanda kimetoa nakala ya pikipiki wanayopanda mabingwa wao, rangi zile zile, stika zile zile, na vitu ambavyo ndugu zake wa kawaida hawana. Egzosi ya madini mepesi, unaibeba kwa vidole viwili. Shokapu zenye vifundo vya kugeuza, ukigeuza vinalia tik, na kila tik ina maana yake. Klachi laini kama kubonyeza embe bivu. Kwenye usukani swichi ndogo ya kubadilisha tabia ya injini: upande huu inakwenda kwa adabu, upande ule inakwenda kama imetukanwa. Haina taa, haina honi, haina kioo, haina hata pa kufunga namba. Badala ya kuhesabu kilomita inahesabu masaa, na kila baada ya masaa machache inataka mafuta mapya ya injini.

"Sasa abiria anakaa wapi?" mpagazi mmoja aliuliza.

"Abiria ni roho yako," mwenzake akamjibu, "na hailipi nauli."

Nilipewa niipande siku ile ile, uani kwa mzee, mvua imekatika kidogo. Dakika kumi tu. Nimezaa, nimefiwa, nimepata na nimekosa, lakini nikifumba macho nikatafuta mahali nilipokuwa mimi mzima, bila kupungua, ni zile dakika kumi. Nilishuka nikamwambia Deo, "Mbele ni ngumu, nyuma inanyanyuka nikifunga breki." Akafumba macho. Kesho yake asubuhi nilitapika nikiwasha jiko, kesho kutwa tena, na ya tatu sikuhitaji kuambiwa na mtu.

"Ukijifungua utapanda," Deo aliniambia. "Replika haiendi popote." Niliamini. Kwa muda ule nilipewa kazi nyingine, na niliipenda pia. Pikipiki ililetwa na kitabu kinene cha maelekezo, Kiingereza kitupu, na katika wote waliokuwa wanaizunguka ni mimi pekee niliyeweza kukisoma. Tulikuwa tunakaa ndani ya stoo ya mashine, chumba pekee chenye mlango wa chuma na mlinzi, ndiyo maana kitu cha thamani kama kile kiliwekwa humo. Nani angekiacha kwenye banda? Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa inakoboa tangu asubuhi, pumba zinapanda juu kama moshi, zinaingia kila tundu. Anayezijua pumba za mpunga anajua zinavyokata. Ukilala juu yake utajikuna siku mbili. Kila asubuhi tuliifuta Replika vumbi la rangi ya dhahabu, tukaona inapendeza. Mimi nilikaa juu ya gunia, natafuna mchele mbichi kwa sababu mimba ilikuwa inautaka, nasoma sentensi kwa Kiingereza kimoyomoyo, natoa kwa Kiswahili. Nikisita kutafuta neno Deo hakunisukuma. Alisubiri, spana mkononi, kisha akasema, "Endelea." Saa saba tulikula hapo hapo, wali na samaki kitoga wa mchuzi mzito, tunakula kwenye sinia moja, kitabu kiko mbali kisipate mafuta. Kwa wiki nane nilikuwa macho yake. Tumbo likakua, nikaona si kitu.

Juni akaja Doto, binti wa mzee. Ni pacha, kwa Wasukuma Kulwa ndiye anayetangulia kutoka, Doto anafuata, lakini huyu tangu aje duniani sidhani kama aliwahi kusubiri zamu. Alikuwa amemaliza masomo Arusha, na huko alijifunza kupanda pikipiki za aina ile kwenye viwanja halisi, na mafundi wanaofanya kila kitu. Alikuwa na buti zake, kofia yake, na glavu zinazonukia upya wa dukani. Alinisalimia vizuri, "Dada Vene, hujambo? Mimba inakupenda," na hilo nalo liliniudhi, maana ilikuwa kweli na nilitaka aseme kingine. Alipanda uani akazunguka milima ya pumba mara tatu, akairuka mmoja. Aliruka vizuri. Si vizuri kuliko mimi. Nilimwona anachelewa kuachia gesi, anatua na gurudumu la mbele. Lakini vizuri.

Kitabu kilisema shokapu lazima zifungwe kwa uzito wa mpandaji, amevaa kila kitu chake. Nilikisoma ukurasa ule mwenyewe, kwa sauti yangu. Basi wakampandisha Doto kwenye mizani ya mpunga, amevaa buti na kofia, wapagazi wamezunguka kama wako mnadani.

"Huyu daraja la kwanza!" mmoja alipiga kelele.

"Mnyevu bado, umwanike kwanza!"

"Kilo sitini na mbili," Deo akasema, naye anacheka, akaandika kwenye kipande cha gundi ya karatasi akakibandika kwenye fremu. Kisha Doto akakaa kwenye Replika, miguu juu, watu wawili wameishikilia, Deo amepiga magoti nyuma na rula anapima imelala kiasi gani chini yake. "Tulia. Usipumue," akamwambia. Kabla sijajua nina mimba nilikuwa na kilo sitini na moja. Nilikuwa najua kwa sababu nilijipima kwenye mizani ile ile siku sanduku lilipofika, nikahifadhi namba yangu kwa ajili ya ukurasa ule.

Mwanzoni alimwita fundi. Kisha, kwa kuwa mimi ni dada, akamwita shemeji. Julai ilipofika alikuwa anamwita Deo, na hakuna aliyeshtuka. Alikuwa anashuka, anavua kofia, jasho linamtiririka shingoni, anasema, "Deo, nyuma inanirusha kwenye zile kingo za karibu karibu." Deo anafumba macho. Mimi niko juu ya gunia, miguu imevimba, kitabu mapajani, namwangalia mume wangu anafumba macho kusikiliza sauti ya mtu mwingine.

Sasa nifike pale. Ilikuwa mchana, wiki mbili kabla ya mashindano. Nilikuwa nimepitia nyuma ya stoo kumletea Deo chakula, ugali na kisamvu, na kati yangu na wao kulikuwa na ukuta wa magunia ya mpunga yaliyopangwa mpaka karibu na bati. Mashine ilikuwa imezimwa, umeme umekatika. Nisingesikia kama umeme ungekuwepo. Kwa hilo nimewahi kulilaumu shirika zima la umeme.

"Na yule mayu wako?" Mzee Masanja aliuliza. "Nilimwahidi mimi, kwa mdomo wangu."

"Vene?" Deo akajibu. "Aa, mzee. Vene ndiyo basi tena. Atakuwa na mtoto mgongoni. Tuifunge moja kwa moja kwa Doto, hata springi tuagize za uzito wake."

"Akijifungua mimi nitambebea mtoto," Doto akasema, "yeye apande."

Wakacheka wote watatu. Si kicheko kibaya, nakikumbuka vizuri, kicheko cha watu walioshiba. Niliweka hotpoti chini pembeni ya gunia, nikarudi nje, nikasimama juani. Mtoto aligeuka tumboni. Ndiyo basi tena. Sikuambiwa hivyo na adui. Niliambiwa na nesi wangu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya sponji. Pikipiki ile haichuji hewa kwa karatasi, inachuja kwa sponji nene iliyo chini ya kiti, na hewa yote inayoingia kwenye injini inapita hapo. Ilipotoka kiwandani ilikuwa inanata. Sisi tukaona ni uchafu. Deo aliiosha kwa petroli kama anavyoosha kila kitu, akaianika juu ya turubai la mpunga, ikakauka, ikapendeza kama mpya. Akaja nayo mkononi. "Haya, soma. Baada ya kuosha?"

Nilifungua. Ukurasa ulikuwepo na picha ilikuwepo: mikono miwili inakamua sponji, na pembeni kichupa. Osha, kausha, kisha paka mafuta yake maalumu mpaka rangi ienee kote. Usiendeshe kamwe na sponji kavu, vumbi litaingia ndani na kuua injini. Maandishi yalikuwa meusi ya wino mzito, yenye alama ya hatari, hayahitaji hata kidato cha pili. Niliyasoma yote kimoyomoyo, sentensi kwa sentensi. Kisha nikalowesha kidole, nikageuza karatasi mbili kwa pamoja.

"Endelea," Deo akasema.

"Rudisha mahali pake. Funga kiti."

"Basi?"

"Basi."

Alikuwa anageuka aende, akarudi. Ndani ya kisanduku cha vifaa kulikuwa na kichupa cha mafuta ya buluu, mazito, yanayovutika kama asali. "Na hiki cha nini?" Nilikitazama. Kilikuwa kile kile cha kwenye picha. Muda ule ulikuwa unatosha kabisa kusema kweli. Sikukurupuka, nisijitetee kwa hilo.

"Cha mnyororo," nikasema.

Akaupaka mnyororo. Ukawa wa buluu, ukabeba pumba zote za Ifakara, watu wakaucheka, na Deo akasema wazungu nao wana mambo yao. Kwa wiki mbili Doto alifanya mazoezi kwenye milima ya pumba na vumbi la Mchombe. Ya kwanza sikusikia kitu. Ya pili, nikiwa nimelala mchana chumbani, Replika ilipita barabarani nikasikia kwamba imeumwa. Sauti ilikuwa na mchanga ndani, inakwaruza chini kabisa, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Deo hakuisikia, Doto hakuisikia. Mimi daktari niliisikia kwa masikio yangu, ukuta uko katikati, nikageukia upande wa pili.

Siku ya mashindano mpunga wote ulikuwa umetoka shambani, na watu wa Mchombe walipanga viti kwenye tuta kama harusini. Kulikuwa na mihogo ya kukaanga, juisi ya ukwaju, muziki wa spika mbili. Waendeshaji sita walikuja kutoka Morogoro na pikipiki za zamani zilizounganishwa unganishwa, wakaiona Replika wakainyamazia. Nilikaa chini ya mwavuli, miezi saba, gauni la kuazima. Nikamwomba Mungu kitu kimoja tu, na nakiandika hapa kama nilivyokiomba: isiwake. Nilitaka isiwake, basi, Doto aone aibu, Mzee Masanja akune kichwa, mimi nisimame na tumbo langu niseme ngoja nisome tena. Hayo ndiyo niliyopanga. Jaribio la tatu iliwaka, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikaondoka.

Mzunguko wa kwanza aliongoza. Wa pili aliongoza. Nilimwona anachelewa kuachia gesi vile vile, anatua na mbele vile vile, na bado anaongoza, na watu wamesimama wanaita Do-to, Do-to, na wivu ukanipanda mpaka nikaona meno yangu ni mengi mdomoni. Mzunguko wa tatu, kwenye kingo za karibu karibu, injini ilifunga. Hakuna mlio mkubwa. Sauti ilikatika tu, kama mtu aliyezibwa mdomo, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, Replika ikainama mbele na kumtupa Doto juu ya usukani. Alitua kwa bega kwenye ukingo mgumu kama saruji. Nilisikia mfupa. Watu wananiambia usingeweza kusikia kutoka pale ulipokuwa. Nilisikia.

Alilazwa wiki tatu. Mfupa wa mtulinga ulivunjika mara mbili na ulipounga haukurudi ulivyokuwa. Deo aliifungua injini kwenye stoo, peke yake, akanionyesha pistoni iliyokwaruzika kama imepigwa msasa. "Sijui nimekosea wapi," akasema. "Nimefuata kila kitu." Mzee Masanja hakumfokea. Alimwambia tu achukue spana zake, kwa heshima, kama unavyomwambia mgeni kwamba basi lake linaondoka. Safari za mashindano zikafa. Desemba nikamzaa Zawadi, na kila aliyekuja kumwona alisema, "Umeona sasa, chuki imetoka na kondo." Haikutoka. Iliongezeka mtu. Nilikuwa na wivu kwa Doto na hasira na mimi mwenyewe, vinakula sahani moja.

Sasa turudi msibani. Siku ya tatu, baada ya matanga kuanuliwa, Doto alinikuta nasugua masufuria. Akavua miwani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bega moja juu, moja chini.

"Dada Vene. Pole na kazi."

"Pole na msiba, mdogo wangu."

Akaniuliza habari za mtoto, nikamjibu. Akasema Replika bado iko stoo, chini ya turubai, baba yake hakutaka iuzwe. Kisha akasema, bila mimi kumwuliza, "Unajua siku ile asubuhi nilitaka nisipande? Niliishika ile sponji wakati Deo anafunga kiti. Ilikuwa kavu. Kule Arusha sponji zao zilikuwa zinanata, hicho nilikuwa nakikumbuka tu, kwa nini zinanata sijui, mafundi ndio walikuwa wanajua. Nikamwuliza Deo, hii mbona kavu?"

Nilishika sufuria. "Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, kitabu amesoma Vene. Kingekuwepo kitu, Vene angesema. Yule hakosei." Doto alitazama mikono yake. "Nikapanda. Lakini nikakuonea wivu, dada, kusema kweli. Mimi kila mtu alinipigia makofi, hakuna aliyewahi kuniamini namna ile."

Sijui kama anajua. Alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, na uso wake ulikuwa wa mfiwa, umechoka, sikuweza kusoma kitu. Mimi niliyesoma kitabu kizima. Nilimwambia, "Sponji ilikuwa inataka mafuta, Doto. Nilikuwa najua." Alimfuata kwa macho kuku aliyekuwa anavuka ua. Kisha akavaa miwani yake, akainuka, akasema, "Asante kwa kuja kwenye msiba wa baba," akaingia ndani. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Kitabu kiko kwangu. Nilikiiba siku Deo alipokusanya spana zake, na kimekaa chini ya godoro pamoja na cheti changu, vitu viwili nilivyosoma nikavielewa. Nikakitoa nikaenda nacho gereji. Sasa Deo anatengeneza bodaboda, bajaji na matrekta madogo ya kulimia majaruba, mwenyewe, chini ya bati lake. Zawadi alikuwa amekaa juu ya tairi anaandika kazi ya shule. Jua lilikuwa bado liko juu. Deo alikuwa na sponji ya trekta mkononi, ameiosha, ameikausha, anaipaka mafuta taratibu, anaikamua, anaigeuza, anaikamua tena. Anafanya hivyo kwa kila sponji, miaka mingi sasa, na sijawahi kumwuliza alijifunza wapi. Nilisimama nikaiangalia ile mikono, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza.

"Umerudi," akasema. "Wameanua matanga salama?"

Nilivuta ndoo nikakaa, nikafungua ukurasa ule, picha ile ya mikono miwili na kichupa. Nikaanza kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti. Osha. Kausha. Paka mafuta yake maalumu mpaka rangi ienee kote. Nikaishia hapo kwanza. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kukamua. Hakuinua kichwa. Nilikuwa na hasira, kwa sababu nilielewa kwamba amejua, sijui kwa miaka mingapi amejua, na amelala kando yangu, amekula nilichopika, akakamua sponji moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu bila kusema neno, na kwamba hata hasira yangu alikuwa ameniachia niibebe peke yangu. Nilitaka ainuke anipige na spana.

"Endelea," akasema.

Nikalisoma lile la alama ya hatari, usiendeshe kamwe, mpaka mwisho. Ukurasa ukaisha. Yeye akasubiri, kichwa kimeinama, amefumba macho.

Nikageuza karatasi. Moja tu, safari hii.